Mvuvi hagombani na mwezi

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sisi walimu tumezoea kuitumia methali hii kuwaonya wanafunzi wanaotaka kucheza na kusoma kwa wakati mmoja, na tukishaitamka hutikisa vichwa kwa kuridhika, kana kwamba sisi wenyewe haituhusu. Hata hivyo, ukimchunguza mwalimu wa kawaida wa darasa la watahiniwa utamkuta ameshika mambo ishirini. Ameshika ratiba, ameshika silabasi, ameshika matokeo ya mwaka uliopita, ameshika hofu ya mkuu wa shule na matumaini ya wazazi, na juu ya hayo yote ameshika nafsi za vijana arobaini na watano ambao kila mmoja ana moyo wake. Usiku hulala akiwa ameyakumbatia yote. Asubuhi huamka amechoka, na wanafunzi wake wamechoka kuliko yeye.

Katika makala haya ninakusudia kueleza jambo nililojifunza kwa kuchelewa, na ambalo ada yake ililipwa na mtu mwingine. Yako mambo ambayo binadamu huyafanikisha kwa kuyashika barabara, na yako mengine ambayo huyaharibu kwa kule kuyashika. Utulivu wa moyo, pamoja na ule umakinifu tunaowahimiza vijana wetu wawe nao kila siku, huanza pale mtu anapoweza kuyatenganisha mafungu hayo mawili. Somo hili sikulipata chuoni. Nililipata Luanda Kotieno.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha nne katika shule moja ya bweni. Nilikuwa na ari nyingi na busara chache. Nilitunga ratiba iliyoanza saa kumi na nusu alfajiri na kukoma saa nne na nusu usiku. Nilifuta michezo. Kila Ijumaa nilibandika ukutani orodha ya majina, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nikadhani kwamba aibu ya mkiani ni mbolea ya bidii. Fauka ya hayo, niligundisha juu ya dawati la kila mtahiniwa kipande cha karatasi chenye alama aliyopaswa kuipata katika mtihani wa taifa. Alama hizo hawakuzichagua wao. Nilizichagua mimi.

Palikuwa na msichana mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliyeongoza orodha ile tangu kidato cha pili. Karatasi ya dawati lake ilikuwa na herufi A. Katika muhula wa tatu mlezi wa bweni alinijia akaniambia kwamba binti huyo halali. Mara kadhaa amemkuta bafuni usiku wa manane akisoma kwa tochi. Nakiri leo kwa aibu kwamba habari ile ilinifurahisha. Kesho yake nilimtolea mfano mbele ya wenzake. Ilipofika siku ya karatasi ya pili ya hisabati, aliandika jina na nambari yake, akajibu maswali machache ya mwanzo, kisha akaweka kalamu chini, akaitazama karatasi mpaka muda ulipokwisha. Hakulia. Hakuomba kutoka. Alitazama tu.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 2007, alama yake ya jumla ilikuwa C. Alirudi kwao ng'ambo ya ghuba, karibu na Mbita, akakataa kuonana na mtu yeyote wa shuleni. Nami nikafanya jambo la pekee nililolijua: nikatunga mpango mwingine. Nikamtafutia nafasi ya kurudia kidato cha nne, nikajaza fomu kwa mkono wangu, nikamchorea ratiba ya mwaka mzima, na mwishoni mwa ratiba hiyo nikaandika tena herufi A. Nikazitia karatasi hizo mkobani na kushika njia, Ijumaa moja ya katikati ya mwezi wa Machi.

Anayetoka Kisumu kwenda huko hupita Kisian na Holo mpaka Ndori. Hapo huiacha barabara ya Bondo na kuingia katika rasi ya Uyoma, akiteremka kuelekea majini mpaka barabara yenyewe inapokwisha katika ufuo wa Luanda Kotieno. Ni mahali penye maana kubwa katika ramani. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na sehemu iliyo ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, nayo kwa sehemu kubwa ni Ghuba ya Winam. Ghuba hiyo inapokaribia kukutana na ziwa kuu hubanwa kati ya Uyoma upande wa kaskazini na Mbita na kisiwa cha Rusinga upande wa kusini. Luanda Kotieno iko kwenye mlango huo. Siku hizi feri huvusha watu na magari mpaka Mbita kwa muda wa takriban saa moja. Safari ile mimi nilitegemea mashua ya abiria yenye injini.

Nilifika saa tisa alasiri, nikakuta mashua zote zimefungwa. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kwa nguvu, umeyasukuma magugu maji mpaka yamejaa ufuoni kama shamba la majani mabichi. Wasomaji wengi wanayakumbuka magugu haya. Mwaka 1998 yalifunika zaidi ya hekta 17,000 za ghuba hii. Baadaye yakapungua sana, na baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 yakarejea. Nikamwendea nahodha, nikamuuliza tutaondoka saa ngapi.

"Ziwa likikubali, mwalimu," akanijibu.

Nikamwambia kwamba nina haraka, na kwamba niko tayari kumwongezea nauli. Akacheka kwa upole. "Pesa zako nitazipokea. Lakini nimpe nani? Nimpe upepo?"

Nikaanza kutembea huku na huku. Nilitazama saa, nikatazama mawingu, nikatazama saa tena. Chini ya mti mmoja alikuwa ameketi mzee akishona wavu, ambaye vijana wa pale walimwita jaduong', yaani mzee kwa lugha ya Kijaluo. Baada ya kunivumilia kwa muda mrefu akaniita: "Japuonj, keti. Unauchosha mchanga." Nikaketi. Ndiye aliyenieleza jambo ambalo mtoto yeyote wa pwani ya ziwa hulijua na ambalo mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimelisoma kitabuni bila kulielewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka bara kwenda ziwani. Mchana jua huipasha nchi joto, upepo ukageuka na kutoka ziwani kuja bara. Wavuvi wa matanga hutoka na upepo wa kwanza na kurudi na upepo wa pili. Hakuna anayeushinda, kila mmoja huupanda kwa saa zake. "Usiku huu," akasema, "upepo wa bara utayatoa magugu haya yenyewe. Wewe ungeyatoa kwa mkono mpaka lini?"

Kwa kuwa sikuwa na pa kulala, na upepo ulikuwa umetulia magharibi, mzee alinikaribisha katika mashua yake ya kuvulia omena. Omena ni wale samaki wadogo ambao Tanzania huitwa dagaa na Uganda mukene. Huvuliwa usiku kwa taa, maana hufuata mwanga. Wakati ule taa zilikuwa karabai za mafuta. Leo wengi wanatumia taa za umeme wa jua. Lakini taa, iwe ya mafuta au ya jua, haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga hutapakaa juu ya maji yote na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wa omena hupumzika. Nilimuuliza mzee kama siku hizo hazimtii hasara. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau jedwali la kuzidisha. "Sasa wavu hushonwa lini?" akauliza. "Mashua hutiwa viraka lini? Mtu huzungumza na watoto wake lini?"

Neno hilo lilinichoma. Katika ratiba yangu ya saa kumi na nane hapakuwa na usiku hata mmoja wa mbalamwezi.

Tulikuwa watano mashuani. Tulipofika penye kina, vijana waliziteremsha taa juu ya vyelezo, moja baada ya nyingine, kisha tukakaa kimya katika giza. Nikauliza kama samaki wamefika. Baada ya kitambo nikauliza tena. Mara ya tatu mzee akasema: "Ukiuliza hawaharakishi. Ukinyamaza hawachelewi. Wewe itazame taa ile ya karibu tu. Ikianza kufifia, nipe habari, maana karabai hutaka kupigwa pampu." Basi nikapewa kazi moja, nami nikaishika. Niliitazama taa ile. Niliona wadudu wakiizunguka, nikaona maji yakimetameta chini yake, nikaanza kutambua tofauti ndogo kati ya mwanga unaochezewa na upepo na mwanga unaopungukiwa na nguvu. Mara mbili nilimwarifu mzee, na mara zote mbili nilikuwa sahihi. Baadaye sana niligundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimewaza juu ya matokeo, wala fomu zilizokuwa mkobani, wala jina la shule. Kwa miezi mingi sikuwahi kuwa makini namna ile, na sikuwa nimejilazimisha. Nilikuwa nimeondolewa mizigo isiyokuwa yangu, ikabaki taa moja.

Kisha likatokea jambo dogo ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote ya ualimu. Taa ikishakusanya samaki, huvutwa polepole kuelekea penye wavu, na samaki huifuata. Kijana mmoja, ambaye nadhani alikuwa bado anajifunza, aliivuta kamba kwa pupa. Taa ikayumba, maji yakatibuka, na samaki wote wakatawanyika. Kazi ya saa nzima ilikuwa imepotea. Nilimngoja mzee amkaripie, kwa sababu mimi ningemkaripia. Mzee alisema tu, "Irudishe," na kungoja kukaanza upya. Baadaye nilipomwuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumwambia kitu, alinijibu hivi: "Nikimpigia kelele ataiogopa kamba. Akiiogopa ataivuta haraka tena."

Mara ya pili kijana aliivuta vyema. Hapo ndipo utulivu ulipogeuka ukawa nguvu. Wavu ulipozungushwa, wote walivuta pamoja, mishipa imewatoka shingoni, miguu imekaza kwenye mbao, hakuna aliyesema neno lisilo la kazi. Namwomba msomaji aiweke picha hiyo akilini, kwa sababu wapo watakaodhani kwamba ninahubiri ulegevu. Watu wale hawakuwa walegevu. Nguvu ambazo mimi nilikuwa nimezimaliza ufuoni kwa kugombana na upepo, wao walikuwa wamezihifadhi kwa ajili ya wavu.

Alfajiri tulirudi ufuoni tukawakuta akina mama wakingoja na mabeseni. Walinunua omena, wakawaanika chini juu ya nyavu kuukuu. Mawingu yalikuwa yakikusanyika. Nilimwuliza mama mmoja atafanya nini mvua ikinyesha, maana omena wasiokauka vyema huishia kuuzwa kwa bei ya chini wawe chakula cha mifugo. Aliinua macho mara moja, akayarudisha kwenye kazi yake. "Nikiona tone la kwanza nitakusanya nitakaoweza," akasema. "Sasa hivi ni wakati wa kuwageuza."

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu wa ziwani hawana hofu, wala kwamba umaskini ni shule ya busara ambayo tuwaache waendelee kuisoma. Ziwa huua. Dhoruba huzizamisha mashua, na familia hubaki bila baba. Mama yule alihitaji chanja za kuanikia na banda la kuhifadhia, na ilikuwa haki yake kuzidai. Mvuvi anahitaji jaketi la kujiokolea na utabiri wa hewa ulio sahihi. Kuuachilia upepo si kuliachilia jaketi. Tena ndiye aliyekubali kwamba upepo hauko mikononi mwake ambaye hulivaa jaketi kwa bidii zaidi.

Asubuhi ile magugu yalikuwa yametoka, kama mzee alivyosema. Tukavuka. Huko Mbita nilipita juu ya tuta lililojengwa miaka ya 1980 ili kukiunganisha kisiwa cha Rusinga na nchi kavu. Tuta lile lilirahisisha safari za watu, lakini liliuziba mkondo wa maji uliokuwa ukipita kati ya kisiwa na bara, na kwa miaka mingi maji ya upande wa ghuba yakawa yanatuama. Miaka mingi baadaye lilifunguliwa, na daraja likajengwa mahali pake. Tangu mwaka 2017 watu wanapita juu na maji yanapita chini. Nikipita pale siku hizi huwaza kwamba shule nyingi zetu bado ni matuta. Zimepata njia ya kufikia alama na zimeziba kila kinachotiririka: usingizi, mchezo, mazungumzo, udadisi. Hakuna anayesema njia ivunjwe. Tunachohitaji ni daraja.

Nilifika nyumbani kwa yule msichana karibu na adhuhuri. Mama yake alinikaribisha kwa ugali na omena, akamwita bintiye. Alikuja, akaketi mbali kidogo, akatazama chini. Mkoba wangu ulikuwa magotini. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba yangu tangu Kisumu. Badala yake nilimwambia kwamba nimekuja kumwomba radhi, kisha nikanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu. Mara kadhaa ulimi wangu ulitaka kuujaza, nikaikumbuka taa, nikauacha. Hatimaye akasema, bila kuinua macho: "Mwalimu, ile karatasi ya dawatini nilikuwa naiona hata nikifumba macho. Siku ya mtihani niliiona hiyo tu. Maswali sikuyaona."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi kuhusu umakinifu na jinsi unavyopotea. Akili ya binadamu ina jicho moja. Likikodolewa matokeo, haliwezi kuliona swali lililo mbele yake. Mimi ndiye niliyeliweka jicho lake penye matokeo, nikaligundisha pale kwa gundi, halafu nikashangaa kwa nini hakuliona swali.

Mkoba sikuufungua. Nilirudi na karatasi zangu, na safari ya kurudi ilikuwa ngumu kuliko ya kwenda, kwa sababu sikujua binti yule angefanya nini, na kutojua huko kulikuwa jambo geni kwangu. Baada ya muda nilipata barua yake fupi. Alikuwa amejiandikisha mwenyewe katika shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Alipata B ya chini. Haikuwa herufi niliyoigundisha dawatini. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi. Huenda angefika huko hata bila ziara yangu, nami sijidai chochote. Ninachokijua ni kwamba laiti ningeufungua mkoba ule, ningeivuta kamba kwa pupa mara ya pili.

Wazo hili si geni duniani. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Kirumi, alifundisha kwamba kazi ya kwanza ya mwenye hekima ni kutenganisha yaliyo katika uwezo wake na yasiyo katika uwezo wake. Sisi Waswahili tuna neno letu, nalo ni tawakali. Mabaharia wa pwani walilijua vizuri. Kutawakali si kulala chomboni. Nahodha hukagua mbao, huziba nyufa, huhesabu maji ya kunywa, husubiri msimu wa pepo, kisha akishatweka tanga humwachia Mwenyezi Mungu yaliyobaki. Yamepokewa mafundisho kwamba mtu alimwuliza Mtume Muhammad kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kamba ni yako. Usiku si wako.

Hapana shaka atainuka msomaji na kuniambia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Namkubali. Mwalimu asiyetayarisha somo hana haki ya kujificha nyuma ya neno utulivu, wala mwanafunzi asiyefungua kitabu hawezi kusema kwamba ameyaachilia matokeo, hajayaachilia, ameyatupa. Mwenye kuachilia amekwisha kuutengeneza wavu wake. Mwenye kutupa hana wavu. Tofauti yao huonekana wakati wa kuvuta.

Basi, walimu wenzangu, tufanye nini? Kwanza, tukumbuke kwamba hata sheria iko upande wa mbalamwezi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mafunzo ya likizoni, na haikuyakataza kwa kuwaonea wivu wenye bidii. Ratiba isiyo na nafasi ya kushona nyavu huzaa nyavu zilizotoboka. Pili, tuziondoe alama juu ya madawati na kuweka kazi ya siku. Mwambie mwanafunzi leo tunalitafuta kosa moja katika milinganyo, na kesho jingine. Hiyo ni taa anayoweza kuitazama. Tatu, kijana akiivuta kamba vibaya, tujifunze kusema "irudishe." Mitihani imebadilika: ule wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya una tathmini zake na fomu zake nyingi. Lakini nimeona walimu wakizishika fomu mpya kwa mkono uleule uliokakamaa. Mtaala hauwezi kuukunjua mkono wa mwalimu. Kazi hiyo ni yake.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kulala chukueni karatasi mwigawe mara mbili. Upande mmoja mwandike yaliyo mikononi mwenu: sura ya kurudia, swali la kumwuliza mwalimu, saa ya kulala. Upande wa pili mwandike yasiyo mikononi mwenu: aina ya maswali yatakayotungwa, moyo wa msahihishaji, alama ya jirani, maneno ya watu. Upande wa kwanza muuweke mezani kwa ajili ya kesho. Upande wa pili mkaukunje na kuuweka mbali. Hautatoweka, na hofu haitakwisha usiku mmoja. Lakini mtakuwa mmejua ni mzigo wa nani. Na mkiingia katika chumba cha mtihani, msitafute kuiona karatasi nzima kwa mara moja. Tazameni swali la kwanza, kisha la pili. Mkijikuta mmeanza kuhesabu alama, rejesheni macho kwenye swali, bila kujikaripia.

Mimi mwenyewe sijahitimu. Bado kuna nyakati ambapo mtihani ukikaribia vidole vyangu huanza kujikunja, na hujikuta nimeamka alfajiri nikipanga maisha ya watu arobaini. Hapo huwaza usiku ule majini na sauti ya mzee ikiniambia niitazame taa ya karibu. Huinuka, nikachukua daftari moja katika rundo lililo mezani, nikaanza kulisahihisha kwa makini kana kwamba ndilo la pekee. Nikilimaliza, huchukua la pili.